Upinde Uliotoka Kitandani

Alhamisi, 8 Juni 1989. Dzamandzar.

Leo nimenunua daftari. Kurasa mia moja, jalada la bluu. Humu nitaandika kila kitu, na nitaandika kwa Kiswahili, lugha aliyonifundisha babu yangu mfanyabiashara kwa makofi ya kisogoni. Hapa kisiwani Nosy Be hakuna anayeisoma. Mke wangu Echata anajua Kingazija, Kimalagasi na Kifaransa cha sokoni. Kiswahili hana. Siri zangu ziko salama.

Sasa habari yenyewe. Mesie Lucien, Mfaransa mwenye hoteli ndogo kule Ambatoloaka, anataka pinde. Sita! Wageni wake wamechoka kulala juani, wanataka kulenga shabaha ufukweni. Upinde aliokuja nao kutoka kwao uliachia gundi kwa joto letu, ukafunguka kama kitabu. Sasa anataka pinde za mti mtupu, ndefu kama mtu. Nikamwambia babu yangu alikuwa mpiga pinde hodari. Babu alikuwa akiuza vitambaa. Lakini alivipima kwa kunyoosha mikono namna ile ile.

Mesie Lucien akanionyesha ncha ya upinde wake uliokufa. Kuna mfuo kila ubavu, wa kushikia kamba, umekatwa mshazari, laini kama ganda la yai. Alisema mti wowote mkaidi utapinda, lakini upinde huishi au hufa kwenye ile mifuo ya ncha zake mbili. Tena akasema mfuo ukatwe ubavuni tu, usiguse mgongo wa upinde, yaani upande unaotazama mbele. Nikaitikia kwa kichwa kama niliyezaliwa najua. Miaka ishirini na miwili nimeshika tupa kwenye karakana ya kiwanda cha sukari! Mimi na tupa tumenyonya ziwa moja.

Habari mbaya: amemwambia na Houmadi. Houmadi ni fundi wa gabusi, zile gambusi za harusini. Mtu wa madaha, anapaka mafuta masharubu. Tarehe 26, sikukuu ya Uhuru, kila mmoja wetu atapeleka upinde mmoja. Kila upinde utarusha mishale ishirini. Utakaopona, fundi wake atapewa kazi na banda lake pale hotelini.

Na kazi lazima niipate. Mchana Echata aliniambia, taratibu, huku akichambua mchele, kwamba tarehe 26 ndiyo mwisho. Ama kazi, ama boti ya Mahajanga. Kwetu Wangazija nyumba ni ya mwanamke. Hii alijengewa na mama yake. Mimi niliingia na sanduku na nitatoka na sanduku. Anasema tangu nistaafu mwaka jana amechoka na mipango yangu: bata waliokimbia, barafu iliyoyeyuka njiani, mafuta ya mlangilangi yaliyonuka samaki. Nikamwambia wale bata walishawishiwa.

Huko Mahajanga, mtaa wa Tsaramandroso, dada yangu Hachimia ana chumba cha ziada kando ya banda la kuku. Dada Hachimia alinichapa mara ya mwisho nikiwa na miaka thelathini na mitano. Nilikuwa na mke na mtoto. Alinichapa mbele yao.

Ijumaa, 9 Juni.

Mti mbichi hukaushwa miezi. Nina siku kumi na saba. Nimezunguka Dzamandzar nzima nikitafuta mti mkavu. Hakuna! Nikarudi nyumbani nimekata tamaa, nikajilaza chali kitandani. Nikatazama juu. Subhanallah!

Kitanda chetu ni kile cha harusi, cha nguzo nne, kilichotoka kwa wazee wa Echata. Juu zinapita fito mbili nene za kutundikia chandarua. Mti mwekundu, mgumu, umekauka miaka ishirini na sita. Urefu mita moja na themanini na tano. Umenyooka kuliko safu ya sala ya Ijumaa.

Nimetoa ufito mmoja wakati Echata yuko barazani anasomesha. Yeye ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Kila asubuhi watoto wa mtaa wanamwimbia alifu, be, te mpaka vigae vinatikisika. Kelele zile zilifunika msumeno wangu. Mahali pa ufito nimeweka mwanzi. Hatagundua.

Jioni Echata alikitazama chandarua kilivyolegea upande mmoja. Akanitazama mimi. Akapanda kitandani, akalala. Nilijua tu hatagundua!

Jumapili, 11 Juni.

Msiba.

Siku mbili nimechonga nyuma ya jiko. Upinde ukapinda vizuri, mpole, pande zote sawa. Ikabaki mifuo ya kamba. Sasa, kule karakanani, chuma kikitaka kuvaa pete, unakikata mfuo wa kuzunguka pande zote, kama shingo. Mkono wangu ukakumbuka karakana, kichwa kikamsahau Mesie Lucien. Nikazungusha. Shingo safi kama ya chupa! Nikafunga kamba, nikavuta. Paa! Ncha ikakatika pale pale shingoni, ikaruka ukuta, ikatua ndani ya chungu cha achari ya maembe cha jirani yetu Kouraichia.

Kouraichia akaja na ncha mkononi, inachuruzika bizari, akauliza hii ni ya nani. Nikamwambia ya Houmadi.

Sasa najua kwa nini mgongo hauguswi. Nyuzi za mti hupita mgongoni toka ncha hadi ncha. Ukizikata umeukata mshipa. Basi. Kosa moja si kosa. Tena kitanda kina fito mbili.

Jumatano, 14 Juni.

Ufito wa pili umetoka. Chandarua sasa kimefungwa kwa kamba kwenye msumari mmoja. Tunalala kama samaki ndani ya wavu. Asubuhi nilitoka na alama za matundu shavuni. Echata bado hajagundua! Ila nilimsikia akimsimulia Kouraichia jambo ukutani, wakacheka mpaka wakakaa chini. Mambo ya wanawake.

Safari hii sikati mti kabisa. Mesie Lucien alisema pinde za kifahari huvalishwa pembe nchani, na mfuo ukakatwa kwenye pembe. Pembe! Nchi hii ya ng'ombe! Nikaenda kwa mchinjaji, nikachukua ncha mbili za pembe bila kuzikagua, kwa sababu Houmadi alikuwa akija upande ule na sikutaka anione.

Nyumbani nikaziweka sambamba. Zote mbili za kushoto. Zinapinda upande mmoja. Ukizivalisha, kamba inakaa kando, upinde unajikunja kama mtu mwenye kiharusi cha shingo. Nikarudi kwa mchinjaji. Akacheka, akasema kwa Kimalagasi kwamba ng'ombe wake wote wana pembe mbili, kosa ni langu. Na pembe ya kulia hana mpaka wiki ijayo. Nahitaji pembe moja ya kulia. Moja tu! Wapi nitaipata?

Ijumaa, 16 Juni.

Mungu hamtupi mja wake! Leo asubuhi nimekuta pembe kwenye dirisha la jikoni. Ya kulia! Nyeusi, ncha nzima, imeoshwa. Nikamwuliza Echata imetoka wapi. Akasema labda paka kaileta. Nikamwambia hatuna paka. Akasema basi ni paka wa watu.

Nimempa yule paka dua njema.

Jumatatu, 19 Juni.

Kazi ya leo naiandika kwa furaha.

Nimechonga ncha za mti zikawa kama penseli. Nimetoboa pembe kwa chuma cha moto mpaka zikaingia barabara. Harufu! Watoto wa chuo walisoma wameziba pua, sura nzima ya Yasini ikatoka kwa sauti ya mbu. Echata akahamisha darasa upande wa pili wa nyumba.

Kisha gundi. Kisha jiriwa. Kisha tupa yangu nyembamba ya duara, ile niliyotoka nayo kiwandani. Mfuo ubavu wa kushoto, mfuo ubavu wa kulia, yote mshazari, inakutana upande wa tumbo la upinde. Mgongo sikuugusa! Nikasugua kwa msasa, kisha kwa ngozi ya papa, kisha kwa majivu na mafuta ya nazi. Nikapitisha kipande cha pamba ndani ya mfuo. Mfuo wenye ukali hunasa nyuzi za pamba. Wangu haukunasa hata moja. Nikarudia mara nne kwa raha tu. Kidole changu kilikuwa kikiteleza mle kama kiko nyumbani kwake.

Na hapo, sijui kwa nini, nikahuzunika. Sitaki kwenda Mahajanga. Si kwa sababu ya kuku, wala ya dada Hachimia peke yake. Nataka kuzeekea nyumba hii. Nataka kumsikia Echata akikohoa kidogo kabla ya kuanza kuwasomesha, kama anavyokohoa kila siku kwa miaka ishirini na sita. Hili siwezi kumwambia. Nikimwambia atadhani naumwa.

Jumanne, 20 Juni.

Pweza wa nazi! Siku ya Jumanne! Bila mgeni, bila sikukuu! Chakula nikipendacho kuliko vyote, na Echata mwenyewe hali pweza. Akanipakulia mara mbili. Akaniuliza kama nataka na ndimu.

Kuna kitu anakitaka huyu. Lazima niwe macho.

Jumatano, 21 Juni.

Kimefika kifurushi kwa boti kutoka Mahajanga. Dada Hachimia ameleta vibunda viwili vya uzi wa kushonea viatu, uzi bora kabisa niliouomba. Na barua. Anasema chumba amekipaka chokaa, nitaamka na kuku, nitafagia ua, na nisije na daftari wala mipango. Nimeikunja mara nane.

Uzi huu ndio utakuwa kamba ya upinde. Na hapa ndipo akili yangu imenishangaza hata mimi. Vibunda viwili! Kimoja nimekiloweka kwenye maji makali ya magadi, nikakikausha juani. Ukikitazama ni kizima. Ukikivuta mara kumi kinaachia. Hicho nitampa Houmadi zawadi, kwa moyo mweupe.

Kibunda kibovu nimekifunga utepe mwekundu. Chenye utepe ni cha Houmadi. Kisicho na utepe ni changu. Naandika hapa nisije nikasahau.

Jumamosi, 24 Juni.

Nimempelekea Houmadi kibunda chenye utepe mwekundu. Nikakuta upinde wake umesimama ukutani. Nilishikwa na wivu, sifichi. Umechongwa kama gabusi, kichwa kimepinda, una hata vigingi vya kukazia kamba. Aliukaza, akaugonga kwa kidole, ukaimba!

Lakini nikatazama mifuo. Mikali! Kwenye gabusi mfuo lazima uwe na ukali, ndipo uzi utoe sauti safi. Kwenye upinde ukali ule ni kisu. Houmadi amekata mifuo ya gabusi kwenye upinde! Nikapitisha kidole, nikakaribia kujikata. Nikamsifu sana. Nikamwambia usiiguse tena, imekamilika.

Houmadi akanikumbatia. Akasema watu wa mtaa wanamwonea, lakini mimi, fundi Soudjay, nina roho ya kindugu. Akanipa bonge la nta ya nyuki, ile nzuri anayopaka nyuzi zake za harusi. Nikajisikia vibaya mpaka nilipofika mlangoni.

Jumatatu, 26 Juni. Sikukuu ya Uhuru.

Asubuhi nilikuta sanduku langu barazani. Limefungwa kamba, na juu yake kofia yangu ya Idi. Sikuweza kunywa chai. Echata akajitanda shiromani yake ya rangi ya karafuu, akamwita Kouraichia, wakasema nao wanakwenda kutazama. Njia nzima nyuma yangu, wanacheka.

Ambatoloaka bendera kila mahali, ngoma, wageni wamekuwa wekundu kama kamba wa kuchemsha. Mesie Lucien alikuwa ametundika gunia la makapi ya miwa, akalichora duara jeusi. Akasema atarusha yeye mwenyewe, ili asionewe mtu.

Upinde wangu kwanza. Mshale wa kwanza, gunia! Wa pili, gunia! Watu wakashangilia. Ulipofika wa nane nilikuwa nimeshaanza kupanga mapazia ya banda langu. Wa kumi. Wa kumi na moja, paa! Kamba ikakatika, ikamchapa Mesie Lucien sikio, kofia yake ikaenda baharini.

Sikuelewa. Uzi mzuri! Uzi usio na utepe!

Zamu ya Houmadi. Nikajituliza, nikasema wake hautafika mitano. Ukafika mitano. Ukafika kumi. Kumi na mitano! Uzi wa magadi! Jasho likanitoka. Kumi na nane, kumi na tisa, nami naona boti, naona kuku, naona fagio la dada Hachimia. Wa ishirini Mesie Lucien alipovuta, kamba ikaachia nyuzi moja moja, trrr, ikakatika pale pale kwenye mfuo.

Watu wakaguna. Houmadi akawaambia watu, machozi yakimlengalenga, kwamba kosa si la uzi. Uzi wa Soudjay ni bora, alisema, hajapata kuona uzi kama huo. Aibu gani hiyo! Mesie Lucien akaagiza pamba. Akaipitisha kwenye mfuo wa Houmadi, ikanasa kama kwenye mwiba. Akaipitisha kwenye mfuo wangu, pamba ikapita. Akaipitisha tena. Akanitazama. Akasema miaka kumi na miwili yuko kisiwani hajaona mkono kama huu. Mbele ya watu wote! Akauchukua uzi uliobaki wa Houmadi, Houmadi akausokota na kuupaka nta, akaufunga kwenye upinde wangu. Mishale ishirini. Yote. Ungerusha mia.

Kisha akatoa hukumu. Kazi nimepata! Mimi nitafanya ncha na mifuo. Houmadi atachonga na kusokota kamba. Banda moja. Meza moja. Kila siku! Na masharubu yake!

Niliporudi, sanduku bado lilikuwa barazani. Nikasimama kando yake, sijui niingie au nisiingie. Echata akainama, akashika upande mmoja, akaniuliza, Baba Charifa, unataka nilibebe peke yangu? Charifa ni binti yetu, kaolewa mjini Diego. Nikashika upande wa pili. Tukaliingiza ndani. Nikapangusa macho, nikasingizia vumbi.

Jumanne, 27 Juni.

Leo nimefungua daftari niandike ushindi wangu. Nikakuta maandishi. Kwa penseli nyekundu! Ile anayosahihishia mbao za watoto wa chuo!

Yameandikwa kwa Kingazija, nami naelewa kila neno; kwamba yeye naye angeelewa Kiswahili changu, sikuwahi kulifikiria. Chini ya tarehe 8 ameandika: Kiswahili chako na Kingazija changu vimezaliwa nyumba moja. Hata Kouraichia anaelewa nikimsomea. Chini ya tarehe 11: Kouraichia anadai chungu kipya cha achari. Tarehe 14: Pembe nitaiomba kwa Nadjma wa mtaa wa pili, wamechinja ng'ombe kwa ajili ya akika ya mtoto. Kwa hiyo paka ni Echata! Tarehe 21: Utepe nimeuhamisha. Tarehe 24 ameandika neno moja tu, Aibu, akalipigia mistari miwili.

Tarehe 19, pale nilipoandika habari za kukohoa, ameandika: Hapa nililia kidogo. Pweza ni kwa ajili ya hapa.

Na mwisho kabisa, kwa herufi kubwa: FITO MBILI, MTI MWEKUNDU, KABLA YA IDI KUBWA.

Nimesoma yote mara mbili. Nikaenda barazani, nikasimama karibu naye. Akakohoa, akaendelea kusomesha. Nikarudi ndani nimefurahi kama mjinga.

Somo nimelipata, na sirudii kosa. Kiswahili si salama. Leo ni mwisho. Kuanzia kesho nitaandika lugha hii kwa herufi za Kiarabu, kama alivyokuwa akiandika babu. Hapo Echata atakodoa macho mpaka yamwume. Namsikia barazani sasa hivi na bakora yake, alifu, be, te. Hana habari, maskini.

Lipo jambo moja la kazi. Mesie Lucien anataka pinde sita kabla ya mwezi wa nane, mti mkavu, na mti mkavu hakuna. Nimekilalia kitanda tena na kufikiri. Fito hazipo, sawa. Lakini kuna mifumbati, zile mbao mbili za ubavuni zinazotubeba. Mti ule ule mwekundu! Mita mbili kasoro kidogo, na kila mmoja una upana wa pinde tatu. Tatu na tatu ni sita. Godoro linakaa vizuri tu juu ya mkeka. Houmadi anakuja na msumeno kesho asubuhi, saa ya chuo.